Usilitazame Jiwe, Tazama Linachokalia

Shangazi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, na salamu hakutoa. "Baba," aliniambia, "jiwe limeguna."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Limefanyaje, shangazi?"

"Limeguna. Kama ng'ombe anayejigeuza zizini."

Ilikuwa Desemba 2023, vuli iliyogoma kuisha. Siku chache nyuma, alfajiri ya Desemba 3, matope, magogo na mawe kutoka Mlima Hanang yalikuwa yameshuka Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Nchi nzima ilikuwa bado inatazama zile picha. Siku nyingine yoyote ningemwambia, shangazi, hiyo ni ndoto, lala. Asubuhi hiyo nilivaa viatu, nikatafuta bodaboda kutoka Nyegezi.

Kwa asiyepajua, nyumba ya shangazi iko Mabatini, jijini Mwanza, upande wa mlimani. Bodaboda inakushusha chini. Ukilipa vizuri inajikongoja mpaka duka la mwisho, na kuanzia hapo ni miguu yako. Unapanda ngazi ambazo hakuna aliyezichora. Nyingine ni za saruji, nyingine ni jiwe lenyewe lililolainishwa na ndala za miaka mingi. Gunia la mkaa, godoro, maji bomba likikauka, hata jeneza, vyote hupanda mabegani. Juu kabisa, hatua tatu nyuma ya ukuta wa chumba anacholala, ndipo lilipo jiwe. Kimo chake ni mtu na nusu, na limevimba katikati. Utotoni ndiyo ilikuwa anwani yetu: "Ukifika juu ulizia jiwe lenye mimba."

Jiwe hilo limetulea. Shangazi alianika juu yake udaga, dagaa, na sare za shule za wanawe mapacha, Kulwa na Doto. Jioni lilibaki na joto la mchana, tukaliegemea kwa migongo kama paka. Mijusi ya kichwa cha waridi na mgongo wa buluu, ile ambayo wanasayansi wameipa jina la Mwanza yetu, ilipiga pushapu pale juu kutwa nzima. Kuambiwa kwamba jiwe hilo limeguna ilikuwa kama kuambiwa bibi yako asiyetoka kitandani kaonekana usiku uwanjani ameshika panga.

Nilipofika jua lilikuwa limeshatoka na jiwe lilikuwa palepale. Majirani walikuwa wamejaa, kila mmoja na lake. Kijana mmoja alipanda juu akarukaruka ili tuone kwamba halitikisiki. Mzee wa nyumba ya tatu akauliza, "Limekaa hapa tangu enzi ya Mjerumani, liondoke leo lina safari gani?" Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Shangazi hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka upande wa chini wa jiwe, ule ambao hakuna anayekwenda kwa sababu maji ya bafu yanapita hapo. Tukachuchumaa. Kulikuwa na kiukuta kifupi cha saruji ambacho fundi mmoja alikijenga zamani kuzuia maji ya kufulia. Kati ya kiukuta na jiwe palikuwa na ufa; kidole changu cha mwisho kiliingia mpaka mwisho wa kucha. Ndani ya ufa saruji ilikuwa nyeupe, haina vumbi wala ukijani. Ulikuwa ufa wa jana. Kisha shangazi akasukuma pembeni majani ya magimbi yaliyojiotea kwenye unyevu ule, akaingiza mkono chini ya jiwe. Mkono ukaenda mpaka kiwiko.

"Hapa palikuwa na udongo," alisema. "Hapa nilikuwa napanda mchicha."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuchuchumaa. Rafiki zangu wananiita daktari wa mawe, na hawasemi kwa heshima.

Sisi watu wa Mwanza mazoea yetu ni kulitazama jiwe kwa juu. Tunapiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani karibu na kivuko cha Kamanga, lenye jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga ufuko huu, na tunashangaa jinsi mawe yalivyopandana bila kuanguka. Mgeni akiuliza kama hayaanguki, tunajibu kwa umri: yako hapa tangu zamani. Kweli ni ya zamani. Ni itale, wengine husema graniti, mwamba ulioganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Lakini umri wa jiwe hauna habari yoyote kuhusu umri wa udongo lililoukalia. Jiwe linaweza kuwa na mabilioni ya miaka na kiti chake kikawa cha juzi.

Nijaribu kueleza kama nilivyoelewa. Mwamba huu ulipokuwa bado umefunikwa ulijaa nyufa, wima na za kulala, kama mkate uliokatwa vipande. Maji ya mvua yakashuka kwenye nyufa hizo na kuanza kuuozesha mwamba taratibu. Kipande chenye pembe huliwa kwenye pembe kwanza, kwa sababu pale maji yanashambulia kutoka pande tatu. Pembe zikaisha, katikati pakabaki tufe gumu, na pembeni yake mwamba uliooza ukawa mchanga wa kokoto kokoto, ule udongo wa mlimani ambao Wasukuma huuita luseni. Baadaye mvua zikausomba mchanga, matufe yakabaki yamepandana. Mawe yetu ni kokwa za embe ambalo nyama yake imeshaliwa.

Hapo ndipo penye jambo. Kokwa iliyokaa juu ya kokwa nyingine, jiwe kwa jiwe, haina shida sana. Mvua haina cha kusomba. Ndiyo hali ya Bismarck. Ila mlimani kuna kokwa nyingi ambazo bado zimekalia nyama, yaani luseni na mwamba mbovu unaomung'unyika mkononi kama sukari guru. Kwa macho ya mpita njia, mawe haya mawili ni ndugu. Ukichuchumaa ndipo unaona kwamba mmoja amekaa kwenye kiti na mwingine amekaa kwenye gunia la mchanga lililotoboka.

Ukara, upande wa Ukerewe, kuna jiwe maarufu linalocheza, na watu huvuka maji kwenda kulitazama. Ukara jiwe likicheza ni utalii. Mabatini likicheza ni msiba.

Siku ile ile nilikwenda kumtafuta mzee mmoja mpasua mawe. Nilimfahamu kwa sababu ndiye aliyetuuzia kokoto tulipojenga. Wapasua mawe ndio wajuzi wa jiwe katika mji huu, na hakuna anayewauliza kitu. Tulimkuta amekaa chini ya turubai, miguu kainyoosha, kokoto zimemzunguka kama karanga. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuuliza jiwe ni kubwa kiasi gani.

"Nani kachimba chini yake?" aliuliza.

Nikasema hakuna aliyechimba.

"Jiwe la hivyo halijiondokei. Kachimbe kwenye kumbukumbu zako, utamkuta."

Nilimkuta. Walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa maji: bomba la bafu la shangazi, ambalo sisi wenyewe tulilielekeza kwenye kitako cha jiwe kwa sababu ndiko kulikokuwa na mteremko. Ndoo mbili za kuoga kwa kila mtu, watu sita, miaka mingi. Wa pili alikuwa jirani wa chini, ambaye mwaka mmoja kabla alikata kingo ya mlima apate uwanja wa kuongeza vyumba viwili. Alikata wima, kama anakata keki, kimo cha mtu, bila ukuta wa kuzuia. Fundi wake alimhakikishia kwamba "huu udongo ni mgumu, umeshikana." Kiangazi ulikuwa mgumu kweli. Luseni kikiwa kikavu husimama hata wima. Kikinywa maji hubadilika tabia. Simlaumu jirani peke yake. Nilimwona akichimba, nikapita nikamwambia, "Hongera kwa ujenzi."

Mzee alipanda nasi mpaka juu, kapumzika mara nne njiani. Alichofanya kwanza ni kulizunguka jiwe lote bila kusema. Kisha akaligonga kwa nyundo ndogo, hapa na pale. Sehemu nyingi lililia sauti kali, kama kengele ya shule. Upande mmoja, kwenye kigae kikubwa kilichoanza kubanduka kama ganda la kitunguu, likatoa sauti bubu, ya debe tupu. "Hiki hakijashikana na mwenzake," alisema, akawafukuza watoto waliokuwa wamekaa chini yake. Jua hupasha ngozi ya jiwe kutwa, mvua ya jioni huipoza ghafla, na mwaka baada ya mwaka ngozi inaachana na mwili. Kigae kile peke yake kilikuwa cha uzito wa meza ya chakula.

Kisha akaomba saruji kidogo, kiasi cha bakuli. Akaikoroga, akapaka utepe mwembamba juu ya ufa, nusu kwenye kiukuta nusu kwenye jiwe, kama bendeji. "Saruji haina uvumilivu," alisema. "Jiwe likisogea kidogo tu, hii inapasuka. Usiniite tena mpaka ipasuke." Akapigilia na misumari miwili, mmoja kwenye kiukuta na mwingine kwenye mpasuko mdogo wa jiwe, tukapima kati yake kwa rula ya shule ya mjukuu: sentimita 14 na milimita 3. Doto akaiandika kwa mkaa ukutani, na tarehe.

Nilipiga hesabu usiku ule. Itale lenye ukubwa wa mita moja kila upande lina uzito wa takriban tani 2.6. Jiwe letu, kwa vile ni kama tufe la mita mbili na nusu, linavuka tani 20. Hizo ni Fuso mbili na ushee zilizoshiba kokoto, zimeegeshwa juu ya mteremko hatua tatu kutoka kitandani kwa shangazi, na handibreki ni mchanga.

Sikutaka shangazi alale mule usiku huo. Alibisha. Tukakubaliana kitu ambacho kilikuwa cha busara kuliko mawazo yangu yote: kitanda kihamie chumba cha mbele, pembeni, nje ya njia ambayo jiwe lingepita, na chumba cha nyuma kiwe stoo. Haikugharimu senti. Naona watu wengi wakiambiwa habari za hatari ya mlimani husikia neno moja tu, "hama," na kwa sababu hawana pa kuhamia, hufunga masikio kwa mengine yote. Afisa mmoja aliyepita mtaani kwetu mwezi uliofuata alisema hivyo hivyo, wahame, akaondoka. Watu hawakupanda mlimani kwa sababu hawana akili. Walipanda kwa sababu soko liko chini, kibarua kiko chini, na kiwanja cha tambarare kina bei ya tambarare. Kati ya kuhama na kutofanya lolote kuna mambo mengi. Kuna upande gani unalala. Maji yako yanaelekea wapi. Nani anachimba wapi. Mtoto anacheza chini ya kigae kipi.

Maji tuliyageuza wiki ile ile. Tulichimba mtaro mdogo upande wa juu wa jiwe ili mvua ya mlimani ipite pembeni badala ya kuliogesha, na bomba la bafu tukalirefusha mpaka kwenye mfereji wa mtaa. Magimbi yakaanza kukauka, nikafurahi kuona yanakauka. Magimbi hayaoti pasipo na maji, na kama yameota kwenye kitako cha jiwe yanakusema. Shimo tulilijaza mawe yaliyopangwa kwa mkono na zege. Jirani wa chini alijenga ukuta wa mawe wenye matundu ya kutolea maji, baada ya maneno mengi ambayo hayafai kuandikwa hapa. Ukuta usio na matundu ni wa kuogopa kuliko kutokuwa na ukuta, maana maji hujikusanya nyuma yake na kuusukuma mpaka ulale.

Habari ya mizizi pia ilinichanganya. Tulifundishwa shuleni kwamba mti unashika udongo, na ni kweli. Nyasi na vichaka kwenye kingo viache. Ila mkuyu mdogo unaoota ndani ya ufa wa jiwe ni kabari inayonenepa kila mwaka. Mzee aliung'oa mmoja kwa mtaimbo, ukiwa bado mwembamba kama kidole. Alisema ukishanenepa usiung'oe, kwa sababu hapo huwezi kujua kama ndio unaosukuma au ndio unaoshikilia. Na kuhusu kuchoma matairi ili kupasua jiwe, ambayo ni kazi yake mwenyewe, alikuwa na neno: moto haujui mpaka. Unachoma jiwe lako, la jirani linapata ufa.

Hayo ni ya nyumbani. Nje ya nyumba tunajiachia zaidi, kwa sababu tumekwenda kustarehe.

Jumatatu ya Pasaka, mwaka 2024, tulikwenda upande wa Luchelele, watu tisa, na jiko la kuchomea nyama. Masika ilikuwa imenyesha mfululizo siku tatu, siku hiyo ikapumzika, jua likawaka kama halijafanya lolote. Tulipata kivuli kizuri chini ya jiwe lililoinama kama paa, upepo wa ziwa unaingia, mitumbwi inapita mbali. Mkeka ukatandikwa. Mmoja wetu akalala chali, kofia usoni.

Nilichuchumaa kwa mazoea. Chini, kwenye mchanga, palikuwa na vipande vya jiwe, vikubwa kama ngumi na kama kichwa cha mtoto. Vipande si ajabu. Kila jiwe lina makombo. Nilichokiona ni kingo zake. Zilikuwa kali, rangi ya waridi mbichi, hazijapata lile doa la kijivu la zamani, na kimoja kilikuwa kimeilalia nyasi ambayo bado ilikuwa kijani. Nyasi ikifunikwa hugeuka njano baada ya siku chache. Nikainua macho. Kwenye paa la jiwe, juu kidogo ya kofia ya yule aliyelala, kulikuwa na kovu jeupe lenye ukubwa ule ule, safi, katikati ya jiwe lililochakaa lenye madoadoa ya kijivu na machungwa yanayoota kama upele. Madoa hayo yanachukua miaka kuota. Pasipo na madoa, ngozi imetoka karibuni. Pembeni ya kovu, ufa ulikuwa bado unachuruza maji.

Nikawaambia tuhame. Kukawa na kelele. Moto umeshakolea, daktari, jiwe hili lina miaka mingapi? Tulihama hatua kama thelathini, kwenye kijiti chenye kivuli cha kuombaomba, na jua likatupiga hadi saa kumi. Hakuna kilichoanguka. Naandika hivyo waziwazi nisije nikajipa unabii. Nyama iliungua upande mmoja kwa sababu ya kuhamisha jiko, na jambo hilo linakumbushwa mpaka leo.

Lakini fikiria hesabu ya kipande kimoja tu. Jiwe la ukubwa wa chungwa likianguka mita 10 linafika chini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huna muda wa kusema "angalia." Ndiyo maana wapandaji wanavaa helmeti, na ndiyo maana kwenye mteremko wenye mawe yaliyolegea hampandi mkiwa mmefuatana wima, mmoja juu ya kichwa cha mwingine, mnapanda mkiwa mmepishana, au mmoja anapita wengine wamejibanza pembeni. Ukilegeza jiwe, piga kelele "Jiwe!" hata kama ni dogo, hata kama unaona aibu. Sisi tuna hulka ya kunyamaza na kuomba Mungu lisimpate mtu. Na ukisikia kelele hiyo ukiwa karibu na ukuta wa jiwe, usiinue uso kutafuta linakotokea; jibane ukutani, begi juu ya kichwa. Ukiwa mbali na ukuta ndipo utazame, uone linakoruka, ukimbilie pembeni. Jiwe linalodunda hubadilisha njia.

Pumziko pia. Watu wanapenda kupumzika kwenye korongo kwa sababu kuna kivuli na ubaridi, na korongo ndilo barabara ya mawe. Kila kitu kinachoanguka juu hatimaye kinapita hapo. Waendesha bodaboda wanaojikinga mvua chini ya kingo za barabara zilizokatwa mlimani wamo kwenye hesabu hiyo hiyo. Bora ulowe.

Hatari ya jiwe moja ni tofauti na ya mlima mzima, na ni vibaya kuzichanganya. Jiwe huja ghafla na njia yake ni nyembamba. Maporomoko ya udongo mara nyingi hutoa taarifa, na hubeba kijiji. Ng'ambo ya ziwa letu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon huko Bududa, Uganda, Machi 1, 2010, udongo ulifunika Nametsi na kuua mamia ya watu. Aprili 2024 mlima Kawetere, jijini Mbeya, ulishusha tope juu ya nyumba na shule eneo la Itezi. Miteremko kama ya Elgon na Hanang ni ya volkano, udongo mzito unaonyonya maji kama sifongo. Mwanza udongo ni mwembamba juu ya mwamba, kwa hiyo hatutarajii mlima kushuka kwa namna ile. Kwetu huteleza ganda, kipande cha uwanja, kingo iliyokatwa, pamoja na mawe yaliyolala ndani yake. Kwa aliyelala chini ya kipande hicho tofauti hiyo haina faida.

Taarifa zenyewe ni ndogo ndogo, ndiyo maana zinapuuzwa. Mlango uliokuwa unafunga vizuri unaanza kukwama. Nguzo au uzio unainama kidogo. Ufa kwenye ardhi juu ya nyumba, umejipinda kama mwezi mchanga. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwepo, au mfereji uliokuwa unashusha maji masafi unageuka tope. Mfereji ukipungua maji ghafla wakati mvua bado inanyesha, hiyo ndiyo inayonitisha kuliko zote: huenda huko juu kitu kimeuziba, na kitakuja chote kwa pamoja. Ukiona hivyo usiku, toa watu kwanza. Wapigie zimamoto, 114, mkiwa mmeshatoka. Na mkikimbia, msikimbie kuelekea chini. Tope linakwenda kwa kasi kuliko mguu. Kimbilieni ubavuni, mtoke kwenye njia yake, mpande palipoinuka, wala msirudi kuchukua vitu; mara nyingi tope la kwanza hufuatwa na la pili. Aliyezidiwa kabisa hana la kufanya ila kujikunja, mikono juu ya kichwa na shingo.

Tetemeko nalo lisisahaulike. Lile la Kagera, Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika mpaka kwetu. Tulitoka nje, tukasimama uwanjani tukicheka kwa woga, kisha tukarudi ndani. Hakuna aliyekwenda kuchungulia chini ya jiwe. Nilikuwa nimesimama nimeliegemea.

Utepe wa saruji ulipasuka mara moja, Machi 2024, usiku wa mvua kubwa: mstari mwembamba kama unywele. Tukapima misumari: sentimita 14 na milimita 4. Mzee alipanda tena, akatazama shimo tulilolijaza, akasema jiwe limekaa tu kwenye kiti kipya, akapaka utepe mwingine. Huo bado mzima. Doto hupima kila Jumapili wakati wa masika na vuli, hunitumia picha ya rula kwenye simu, bila neno, nami namjibu kwa dole gumba. Ukutani tarehe za mkaa zimefika magotini.

Shangazi amerudi kwenye maisha yake, isipokuwa haaniki tena juu ya jiwe. Hakuna aliyemkataza. Amefunga waya kutoka kwenye dirisha la mbele hadi nguzo ya umeme, jambo ambalo nimemgombeza na hajanisikia, na analalamika kwamba nguo zinachelewa kukauka na dagaa hawatulii kwenye waya.